Winchester 94 ya mkwe inajaa risasi mtutuni kila nikipiga vichwa nilivyosubu mwenyewe. Tatizo ni ugumu, upana au mafuta?

#1 Mkwe_wa_Pennsylvania
Wakuu, salamu. Baba mkwe wangu, Mmarekani wa miaka 81, ameniachia bunduki yake ya wenzo (mkono wa chini unaouvuta kuingiza risasi nyingine), Winchester 1894 ya .30-30. Namba yake ni ya miaka ya 1920. Rangi ya chuma imekwisha pale mkono unapobebea, na wenzo wenyewe umeng'aa kama kijiko cha bibi.

Za dukani nilikuwa napiga bila shida. Mwaka huu tamaa ikaniingia ya kujaza mwenyewe. Nikanunua kalibu, nikaomba vile vitonge vya kubalansia magurudumu kwa fundi matairi, nikasubu vichwa 200 vya greni (kipimo kidogo cha uzito) 170 hivi. Vilitoka vinameremeta mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza biashara ya hereni.

Uwanjani, yadi 50: kumi za kwanza kiganja kinafunika matundu yote. Kufika ya 20, ukubwa wa sinia. Ya 25 iliingia kwenye karatasi kwa ubavu, tundu refu kama mbegu ya tikiti. Nyumbani nikachungulia mtutu: kijivu kimeganda kwenye michirizi ya ndani, ile inayozungusha kichwa, kama ukoko wa wali. Nimekwangua saa mbili.

Vichwa nimevipitisha kwenye kipimo cha inchi 0.309, nimepaka kilainishi cha maji kilichokuja na kalibu, na kitakoni nimevivika kisahani cha shaba. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Tatizo ni nini?

#2 Kisiki_cha_Mpingo
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Shemeji_Nakuru
Hebu nielewe kwanza. Risasi imejaza risasi kwenye bunduki kwa sababu risasi ni laini?

#4 Mzee_wa_Kalibu
@Shemeji_Nakuru hahaha, lugha yetu ndivyo ilivyo. Risasi ni madini kwanza, Waarabu wanaita rasas, halafu jina likahamia kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Tukubaliane humu: risasi ni madini, kichwa ni kile kinachoruka, ganda ni la shaba nyeupe, ndani baruti, chini fataki ya kuiwasha. Vinginevyo tutagombana mpaka Krismasi.

Mwenye uzi, ugumu uache kwanza. Umepima mtutu wako? 0.309 umeitoa wapi?

#5 Mkwe_wa_Pennsylvania
Shikamoo mzee. Nimeitoa kwenye kitabu. .30-30 ni 0.308, nikaongeza elfu moja ya inchi.

#6 Mzee_wa_Kalibu
Marahaba. Kitabu hakijawahi kuuona mtutu wako. Hao wa zamani wana vipimo vyao, na ukishaswakiwa miaka mia na fimbo ya chuma ndiyo kabisa. Chukua tonge la risasi safi, laini kabisa, kubwa kidogo kuliko tundu. Paka mafuta, lisukume taratibu kwa fimbo ya shaba kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakikisha kwanza hamna kitu chemba (pale ganda linapokaa likipigwa) wala kwenye bomba la risasi. Likitoka, lipime kwa maikromita, si kalipa ya plastiki. Hicho ndicho kipimo chako. Kichwa kikizidi hapo kwa elfu moja au mbili, sawa. Kikipungua, gesi ya moto inapenya pembeni na kuiyeyusha risasi kama tochi ya kulehemu. Kinachobaki kinajipaka ukutani.

#7 Fundi_Mwanjelwa
Mimi najua kusubu sufuria tu, lakini naona jibu liko wazi. Risasi laini + mwendo mkali = inajipaka. Changanya antimoni iwe ngumu. Mbona mnazunguka?

#8 Wenzo_wa_Wyoming
@Fundi_Mwanjelwa ndivyo wote tulivyoanza kufikiri, tukajaza mitutu. Risasi safi ina ugumu wa 5 hivi kwa kipimo cha Brinell. Vile vitonge vya magurudumu ni kama 12. Mchanganyiko wa Lyman namba 2, yaani risasi 90, bati 5, antimoni 5, unafika 15. Madini ya mashine za Linotype za magazeti ni 22. Mimi nilipiga Linotype tupu kwenye bunduki yangu ya wenzo ya Marlin na mtutu ukajaa vilevile! Ikiwa ngumu mno na ni nyembamba, haitanuki kuziba michirizi, gesi inapita. Laini inayotosha hupanuka yenyewe ikipigwa na baruti.

#9 Nta_ya_Sikonge
@Wenzo_wa_Wyoming Marlin yako ni ya baada ya 1953? Ile michirizi yao midogo midogo mingi ina kina kifupi, haishiki kichwa cha kusubu kama ya Winchester. Usilinganishe mbuzi na kondoo.

#10 Wenzo_wa_Wyoming
Ni Marlin 336 ya miaka ya 1970, kweli. Lakini nilipopanda hadi 0.311 ikatulia. Kwa hiyo upana tena.

#11 BintiMwera_Alberta
Kabla hujaongeza moto mwenye uzi, umevichambua vile vitonge? Siku hizi vingi ni zinki au chuma. Risasi inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 419. Ukiweka moto wa wastani, zinki inaelea juu, unaichota na mavi yake. Ukizidisha, inaingia kwenye mchanganyiko, na kuanzia hapo kalibu haijai vizuri, vichwa vinatoka na kona za mviringo kama sabuni iliyotumika.

Na maji! Januari ya mwaka juzi nilikuwa nasubu gereji, mlango wazi kwa ajili ya moshi, nje theluji. Nikatoka kuchukua ndoo, nikarudi, nikainama juu ya chungu kuchota. Kwenye mkono wa koti palikuwa na kibonge cha barafu, hakizidi punje ya mahindi. Sikukiona kikianguka. Nilichosikia ni "pfu", kisha kimya, kisha mvua ya fedha. Chungu kilikuwa na kilo nne, kikabaki na nusu. Dari ya gereji mpaka leo ina nyota. Miwani ilishika matone matatu, moja limeganda sawasawa na mboni ya jicho la kushoto. Nimeitundika ukutani.

#12 Kisiki_cha_Mpingo
Dada pole sana. Hiyo miwani iweke picha, wengine humu tunasubu tukiwa na kandambili.

#13 Mtoto_wa_Pangani
Sisi huku tunasubu chubwi za nyavu tangu babu zetu. Shimo kwenye mchanga, kijiti katikati cha kuacha tundu, unamimina. Risasi tunatoa kwenye betri mbovu za magari. Hakuna cha antimoni wala maikromita, na samaki wanapatikana. Mwenye uzi jaribu za betri, ni rahisi.

#14 BintiMwera_Alberta
@Mtoto_wa_Pangani USIMSHAURI HIVYO. Betri za kisasa zina kalsiamu, za zamani antimoni na aseniki, na mabamba yake yamelowa asidi. Ukiyayeyusha unaweza kutoa gesi zinazoua.

#15 Shemeji_Nakuru
Na moshi na vumbi lake si mchezo. Muulize mtu yeyote wa Mombasa kuhusu Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya mtaa, watoto wakaingiwa na risasi kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haitoki mwilini kama homa, bana. Mnaosubu, nawa mikono, usile hapo, usivute hapo, na hizo nguo zisifuliwe na za mtoto.

#16 Mtoto_wa_Pangani
Nimekusikia shemeji. Chubwi tunasubu nje kwenye upepo lakini nitawaambia vijana.

#17 Chui_wa_Dodoma
Nyie mnazunguka mbuyu. .30-30 maana yake ni tundu la 30 na greni 30 za baruti, jina lenyewe linasema. Labda mwenye uzi ameweka nyingi au chache. Weka 30, jaribu.

#18 Mzee_wa_Kalibu
@Chui_wa_Dodoma futa hilo. Tafadhali. Greni 30 zilikuwa za baruti ya wakati ule, 1895. Baruti za leo zina nguvu tofauti kila kopo. Kwa baadhi yake, 30 kwenye ganda hilo ni bomu usoni pa mtu. Jina si kipimo cha kujazia. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mtengeneza baruti, kwa kichwa cha uzito ule na mchanganyiko ule, na unaanzia chini.

#19 Chui_wa_Dodoma
Sawa mzee, nimekosea. Naacha iwepo wengine wajifunze. Lakini bunduki si ya 1894? Mbona unasema 1895?

#20 Nta_ya_Sikonge
John Browning, mbunifu wa bunduki, aliichora, Winchester wakaitoa 1894 kwa .32-40 na .38-55, ganda za enzi ya baruti ya moshi. .30-30 ikaja mwaka uliofuata ikiwa na baruti isiyo na moshi, na mtutu wa chuma cha nikeli kwa ajili hiyo.

#21 Kisiki_cha_Mpingo
Ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, yule aliyekuwa rais wa Marekani, Kenya kuulia simba.

#22 Nta_ya_Sikonge
Hapana mkuu. Roosevelt aliteremka Mombasa Aprili 1909 na Winchester 1895, tundu la .405. Nayo ni ya wenzo, nayo kazi ya Browning, lakini risasi zinakaa kwenye sanduku chini ya chemba, si kwenye bomba chini ya mtutu. Ndiyo maana 1895 inakula vichwa vyenye ncha. Kwenye 94 ya mwenye uzi, ncha ya kichwa cha nyuma inakaa juu ya fataki ya mbele yake. Ukiweka kichwa kilichochongoka, bunduki ikirudi nyuma ghafla, bomba zima linaweza kulipuka. Mwenye uzi, kalibu yako ni ya pua bapa?

#23 Mkwe_wa_Pennsylvania
Bapa kama kisigino. Hilo mkwe alinionya kabla hata ya kunipa ufunguo wa kabati.

Wakuu, nimepima. Tonge limetoka 0.310 kamili, nimerudia mara tatu. Mzee_wa_Kalibu ana haki: vichwa vyangu vilikuwa vyembamba kuliko mtutu. Nimeagiza kipimo cha 0.311.

#24 Mzee_wa_Kalibu
Nilijua. Uzi ufungwe.

#25 Wenzo_wa_Wyoming
Usifungwe. Ganda likiwa na 0.311 ndani yake, shingo inanenepa. Jaribu ganda moja lisilo na baruti wala fataki, liingie chemba bila kusukumwa. Chemba za hao wazee kwa kawaida ni kubwa, lakini usibahatishe.

#26 Mkwe_wa_Pennsylvania
Wiki mbili baadaye. 0.311, zimeingia chemba kama kidole kwenye pete. Kumi za kwanza safi. Za 11 hadi 20 nzuri kuliko zamani. Kisha kijivu kimerudi, kidogo lakini kipo. Nimechoka.

#27 BintiMwera_Alberta
Kipo wapi? Karibu na chemba au karibu na mdomo?

#28 Mkwe_wa_Pennsylvania
Mwanzoni, inchi nne tano mbele ya chemba.

#29 BintiMwera_Alberta
Basi bado ni upana, mkuu. Gesi inapita mapema. Ingekuwa mafuta, yangeishia njiani na ungeona kijivu mdomoni. Chukua risasi moja uliyokwisha kuijaza, kitoe kichwa kwa ile nyundo ya kuvulia, ukipime tena.

#30 Mkwe_wa_Pennsylvania
Kwani kinaweza kubadilika?

#31 BintiMwera_Alberta
Pima tu.

#32 Mkwe_wa_Pennsylvania
Dada! Kiliingia 0.311, kimetoka 0.3085. Nimevivua vitano, vyote hivyohivyo. Kimeliwa na nini?

#33 BintiMwera_Alberta
Na ganda. Ile pini ya kutanulia shingo iliyokuja na seti yako imetengenezwa kwa vichwa vyenye koti la shaba. Inaacha shingo nyembamba. Koti la shaba halijali, lakini risasi tupu inaminywa kama muwa. Tafuta pini nene kidogo yenye ngazi, itanue mdomo kwanza. Halafu ukibana mdomo wa ganda kwenye ule mtaro, bana kiasi. Usiache kubana, maana springi ya bomba itakirudisha kichwa ndani. Lakini ukibana kwa hasira unakata kichwa upya.

#34 Mzee_wa_Kalibu
Hapo dada umenifunika. Miaka 30 nasubu, pini sikuiwaza kwenye uzi huu. Natumia niliyochonga mwenyewe ndiyo maana.

#35 Fundi_Mwanjelwa
Kwa hiyo si ugumu?

#36 Wenzo_wa_Wyoming
Ni ugumu pia. Kingekuwa kigumu zaidi kisingeminywa na ganda. Akitoa vichwa kwenye kalibu akaviangushia moja kwa moja kwenye maji (mbali na chungu, dada asinipige), vitonge vyenye antimoni na chembe ya aseniki vinakuwa vigumu maradufu karibu. Bila kununua chochote.

#37 Nta_ya_Sikonge
Na mimi bado nasema mafuta. Hicho kilainishi cha maji ni kizuri kwa bastola ya polepole. Kwa bunduki inayokwenda futi 1,900 kwa sekunde, jaza vile vifereji vya kichwa kwa nta ya nyuki na Alox (kilainishi cha kiwandani), nusu kwa nusu. Ndiyo dawa ya siku nyingi ya wasubuji wa huko kwenu. Nta naweza kukutumia kutoka Tabora, ina harufu ya miombo, kulungu atakuja mwenyewe.

#38 Shemeji_Nakuru
Hawa vijana siku hizi wanapaka rangi ya unga, ile ya kuoka. Nimeona kwa mpwa wangu Minnesota: anatikisa vichwa kwenye kopo la plastiki na unga mwekundu, anaoka nyuzi 200 dakika 20. Vinatoka kama peremende. Anasema mtutu haushiki kitu.

#39 Nta_ya_Sikonge
Peremende kwenye bunduki ya miaka mia moja. Mkwe akifufuka...

#40 Mkwe_wa_Pennsylvania
Mkwe yupo hai, yuko sebuleni anaangalia mpira.

#41 Nta_ya_Sikonge
Nisamehe mkuu! "Ameniachia" ndiyo imenichanganya. Mungu amzidishie umri.

#42 Kisiki_cha_Mpingo
🤣🤣🤣 mmemzika mzee wa watu.

#43 Chui_wa_Dodoma
Swali la pembeni: Pennsylvania kuna kulungu? Kulungu si wa kwetu huku vichakani, mwenye madoa meupe ubavuni?

#44 Mtoto_wa_Pangani
Wale wa huko wana pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka. Biblia ya Kiswahili inawaita ayala. Kulungu wetu pembe zake hazianguki.

#45 Mkwe_wa_Pennsylvania
Hapa Waswahili wote tunaita kulungu. Ukisema ayala wanadhani unataja jina la mtu. Ila sawa, ayala.

#46 Jicho_la_Fresno
Nimechelewa. Kwa faida ya wa California: huku yote haya hayana maana porini. Tangu tarehe 1 Julai 2019 huruhusiwi kuwinda mnyama yeyote kwa kichwa cha risasi, kwa sababu ya ndege kondori anayekula matumbo yaliyoachwa porini. Nasubu kwa ajili ya karatasi tu.

Nina swali kwa mwenye uzi. Kabla ya kuanza za kusubu, ulipiga za dukani miaka mingapi, na uliitoa shaba yake mtutuni? Risasi hupenda kushika palipo na shaba. Wenzio wanakufukuzisha upana kumbe unapaka rangi juu ya kutu.

#47 Mkwe_wa_Pennsylvania
Mzee amepiga za dukani tangu 1962. Sijui kama aliwahi kutoa shaba. Nimemuuliza, amesema "mbona inaua?"

#48 Jicho_la_Fresno
Weka dawa ya shaba usiku mzima, asubuhi pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka bluu, endelea mpaka kitoke cheupe.

#49 Mkwe_wa_Pennsylvania
Kimetoka bluu siku nne mfululizo. Siku ya tano cheupe. Na sasa chini ya ile shaba nimeona vishimo vidogo, vingi, karibu na chemba, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

#50 Mzee_wa_Kalibu
Hizo ni fataki za zamani. Zilikuwa na chumvi inayovuta unyevu. Asiyeosha kwa maji siku ileile, mtutu unaliwa. Hapo kijivu kitashika tu, upana wowote.

#51 Wenzo_wa_Wyoming
Si lazima. Nina moja yenye vishimo mpaka aibu, haishiki kitu. Vishimo vikijaa mara moja vinatulia.

#52 BintiMwera_Alberta
Pini umebadilisha lakini?

#53 Mkwe_wa_Pennsylvania
Nimebadilisha pini, nimetoa shaba, nimeweka nta na Alox, na nusu ya vichwa nimeviangushia majini. Vyote kwa pamoja kwa sababu msimu ulikuwa karibu. Risasi 30 mfululizo, mtutu kijivu kidogo sana tu.

#54 Jicho_la_Fresno
Sasa umeponya mgonjwa kwa dawa nne, hatutajua ipi ilifanya kazi. Ungebadilisha moja moja.

#55 Fundi_Mwanjelwa
Ni ugumu.

#56 BintiMwera_Alberta
Ni pini.

#57 Nta_ya_Sikonge
Nta. Na bado inashika "kidogo sana" kwa sababu hukuagiza ya Tabora.

#58 Wenzo_wa_Wyoming
Hata hivyo matundu yako ya yadi 50 yakoje? Maana mtutu safi si lengo. Na leta picha ya mdomo wa mtutu, ile duara ya mwisho kabisa. Fimbo ya chuma ya miaka 60 ikiingizwa kwa mbele inaimega, na mdomo ukimegeka upande hakuna kichwa kitakachokwenda sawa.

#59 Mkwe_wa_Pennsylvania
Picha nitaleta. Matundu: inchi tatu hivi, mawili yametoka nje kushoto juu.

#60 Kisiki_cha_Mpingo
Tarehe 10 Desemba leo. Msimu ulifunguliwa. Mwenye uzi kimya. Ayala umepata?

#61 Mkwe_wa_Pennsylvania
Nilimkosa. Yadi 60, amesimama ubavu, hana habari na mimi.

#62 Fundi_Mwanjelwa
Vichwa laini.

#63 Mkwe_wa_Pennsylvania
Siku hiyo nilipiga ya dukani. Mke wangu alitaka nyama ya uhakika.

#64 Wenzo_wa_Wyoming
Ilienda wapi, kushoto juu?

#65 Mkwe_wa_Pennsylvania
Kushoto juu.

#66 Wenzo_wa_Wyoming
Bado nasubiri picha ya mdomo wa mtutu.